Ladha ya Jiwe

Mvua ya Doha haina adabu ya mvua. Haitangulizi wingu la kubisha hodi wala upepo wa kuwaambia watu waanue nguo. Hushuka tu siku moja ya Desemba au Januari, ikamwagika juu ya vumbi la miezi mingi, na kabla wakazi wa Najma hawajaamua kama wakimbie au washangilie, barabara zimeshageuka vidimbwi na malori ya kufyonza maji yameshaitwa. Kwa mwaka mzima mji huu hupata wastani usiofika hata milimita 100, ndiyo maana inaponyesha mtaa mzima hutoka kuitazama. Wanepali hujipanga kwenye roshani na simu zao. Wakerala wa mkahawa wa karak huacha chai ichemke hadi ifurike. Na sisi wa Afrika Mashariki, tunaolala vitanda sita chumba kimoja si mbali na Souq Haraj, hufungua dirisha ambalo mwaka mzima kazi yake ni kushikilia kiyoyozi. Hapo ndipo harufu inapoingia: zege lililoungua likapozwa ghafla, chokaa, vumbi linalolazwa chini kwa nguvu. Mwenzangu mmoja, Mgogo wa Dodoma, ambaye kama mimi riziki yake ni kuwamiminia wageni mvinyo katika mkahawa wa hoteli, alivuta pumzi ndefu akiwa bado na fulana ya kulalia, akasema, "Chablis hiyo, kaka."

Tulicheka sana. Lakini alikuwa amesema kweli, na ukweli wenyewe umenikaa kichwani kuliko mvua ile ilivyokaa barabarani.

Chablis ni mji mdogo wa Ufaransa, upande wa kaskazini wa Burgundy, kando ya mto Serein, na mvinyo wake wote ni mweupe, wa zabibu moja tu: Chardonnay. Zabibu hiyohiyo ikipandwa California, mvinyo wake ukalazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni, hutoa kinywaji kinene chenye siagi na vanila, kinachomkumbatia mnywaji tangu mlangoni. Wa Chablis haukumbatii mtu. Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, utaona rangi hafifu, dhahabu iliyochoka yenye uchembe wa kijani. Zungusha, nusa: tufaha bichi, ganda la ndimu. Subiri matunda yapite, kwa sababu huwa yanapita, na nyuma yake kuna kitu kingine kimesimama ambacho si tunda wala ua: chaki iliyolowa, kombe la chaza, cheche ya mawe mawili yakigonganishwa. Ukiutia mdomoni, ukali wake hupita kwenye kingo za ulimi, mate huchuruzika chini ya taya pande zote mbili, na ukishameza, au ukishatema kama uko kazini, hubaki kichumvi chembamba ambacho hakikutiwa na mtu. Kitu kimoja tu huunyamazisha mvinyo huo, nacho ni barafu. Kwenye nyuzi 10 hadi 12 hueleza kila ulicho nacho, chini ya 7 huwa maji ya bei mbaya. Wageni wa Doha wanaogopa joto hata ndani ya ukumbi wenye baridi ya kuvaa sweta, kwa hiyo nusu ya ustadi wangu ni kuitoa chupa kwenye ndoo ya barafu wakati mwenyewe ametazama pembeni.

Watu wa Chablis hawana shaka ladha ile imetoka wapi. Watakuonyesha chini. Mashamba yao bora kabisa, yale saba ya Grand Cru yaliyopangana kwenye mteremko mmoja unaotazama kusini-magharibi, yamekalia mwamba wa chokaa na mfinyanzi wenye umri wa miaka kama milioni 150, ambao wanajiolojia wameupa jina la Kimmeridge, kijiji cha pwani ya kusini mwa Uingereza. Enzi hizo pale Chablis palikuwa bahari ya vuguvugu. Okota bonge shambani, livunje, utakuta limejaa makombe madogo yaliyojikunja kwa umbo la koma ya mwandishi: chaza wa kale, waitwao Exogyra virgula. Basi hadithi inajisimulia yenyewe. Chaza waliishi, bahari ikaondoka, mzabibu ukateremsha mizizi makaburini mwao, na sasa wamefufuka ndani ya glasi. Mpishi naye huleta sahani ya chaza wa leo, wabichi, juu ya barafu, ili wajukuu wakutane na babu zao. Nimeisimulia hadithi hii mezani mara nyingi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hawakuwahi kufanya kazi hotelini. Hapa hata chema hutembezwa, tena kwa hadithi.

Tatizo ni Alex Maltman. Huyu ni mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth huko Wales, na kwa miaka mingi amekuwa akiiharibu hadithi hiyo kwa upole wa mtu anayejua mawe kuliko wauza mvinyo. Mwaka 2018 alitoa kitabu kizima juu yake, Vineyards, Rocks, and Soils. Mzizi, anasema, haunywi jiwe. Hunywa maji yenye chembe zilizoyeyuka za potasiamu, kalisi na wenzao, na kiasi kinachofika kwenye glasi ni kidogo mno kwa ulimi wa binadamu kukitambua. Tena jiwe lenyewe halina harufu. Tunachokinusa mvua inapoanguka ni mafuta ya mimea na mabaki ya viumbe wadogo waliojilaza juu ya jiwe, ambayo matone huyarusha hewani. Isabel Joy Bear na Richard Thomas, wanasayansi wa Australia, waliieleza harufu hiyo katika jarida la Nature mwaka 1964. Na ile cheche ya gumegume ndani ya Chardonnay? Watafiti wanaihusisha na misombo ya salfa inayozaliwa mvinyo unapochacha na kutulia. Ni kazi ya hamira zaidi kuliko ya mwamba.

Wapo waliochukizwa na maneno haya. Mimi yalinifungua. Kwa maana kama jiwe halimo ndani ya chupa, na bado kila anayenusa analikuta, basi jiwe hilo limeletwa na mnusaji. Mfaransa huleta ukuta wa ghala la babu yake. Mgogo wangu huleta yale majabali ya Dodoma yanayochomoza katikati ya tambarare, mvua ya kwanza ikiyapiga baada ya miezi saba ya ukame, na ndiyo sababu aliitambua Chablis dirishani Najma akiwa na usingizi. Kwao pia kuna mizabibu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Chablis, anayekesha Aprili akiwasha moto kati ya mistari ili baridi isimuulie machipukizi, hawezi kulisikia bila wivu.

Nami nina jiwe langu. Asili yangu ni Kaloleni, lakini likizo za shule zilinikuta upande wa Vipingo, machimboni, ambako mjomba alikuwa akikata mawe ya kujengea. Mwamba wa pwani ile ni matumbawe, bahari iliyosimama ikawa ardhi. Jiwe linapotoka shimoni lina rangi ya maziwa yaliyoganda na ukilitazama kwa karibu unaona vijumba vya wadudu wa baharini, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kina mlango. Likikauka halisemi kitu. Lakini mvua ikilikuta limetoka kukatwa, kabla lori halijafika, linatoa ubaridi unaopanda puani moja kwa moja, wenye chumvi, wenye chokaa, wenye ukali kidogo mwishoni. Mji wa Kale wa Mombasa umejengwa kwa jiwe hilo, na Lamu, na Mji Mkongwe wa Unguja, na mafundi wetu walilichoma juu ya magogo mpaka likawa chokaa ya kushikamanisha mawe yenzake. Siku meneja alipotupanga mstari na kutumiminia kila mtu kidole kimoja cha Chablis ili tujifunze kazi, wenzangu waliangalia orodha ya maneno tuliyopewa. Mimi nilifumba macho nikawa Vipingo, na mjomba ananiita nishike upande wa pili wa jiwe.

Doha nayo imekalia chokaa. Wajenzi huiita Simsima, na kila wanapochimba msingi wa mnara huitoa kwa mashine, nyeupe, ya vumbi, nayo pia ni mabaki ya bahari ya kale. Na chaza hapa si hadithi ya kuuzia mvinyo. Ndio waliokuwa karibu uchumi wote kabla ya mafuta. Kila kiangazi majahazi yalitoka kwenda kuvua lulu, wapiga mbizi wakishuka na jiwe mguuni na kibanio cha mfupa au gamba la kobe puani, na waliporudi nchi kavu wengi wao walikuwa bado wana deni kwa nahodha. Miongoni mwao walikuwamo watu wa kwetu, waliotekwa au kuuzwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, waliozamia lulu ambazo hawakumiliki hata moja. Utumwa ulipigwa marufuku Qatar mwaka 1952; lulu zenyewe zilikuwa zimekwisha kuanguka bei miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Wajapani zilipojaa sokoni. Nyumba ya Bin Jelmood, sehemu ya makumbusho ya Msheireb, safari fupi tu kutoka Najma, inasimulia habari hizi waziwazi, na katika majumba ya zamani ya mji bado unaweza kutazama juu ukaona dari ya boriti za mikoko, ambazo majahazi yalizileta kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Upana wa chumba cha Ghuba ulikuwa urefu wa mti wa kwetu.

Silinganishi. Mimi nilitia saini mkataba na nina tiketi ya kurudi. Lakini siwezi kupita karibu na wazo hili bila kuligusa: mpiga mbizi aliibana pua ili aishi, nami naishi kwa kuifungua, na wote wawili chaza wetu waliishia kwenye meza ya mtu mwingine.

Kuonja sikufundishwa Doha. Doha nilifundishwa majina. Kuonja nilikukuta Kaloleni, chini ya minazi, kwa watu ambao hawajawahi kushika glasi yenye mguu. Mgema hupanda alfajiri na kotama kiunoni, akalichonga karara kwa mikato myembamba, akalifunga kibuyu, akashuka, jioni hurudi. Tembo la alfajiri ni tamu, lina povu jepesi na harufu ya ua la mnazi. La mchana limeanza kukomaa. La jana ni kali, na baada ya hapo ni siki, libaki kwa achari. Wazee wa mangwe, kilabu cha tembo, hukaa na mboko, kibuyu cha kunywea, mkononi na mrija mdomoni, na kabla ya yeyote kunywa, tone la kwanza humwagwa chini kwa ajili ya koma, mizimu ya mababu, kwa kuwa waliotutangulia nao wana kiu. Nimewasikia wazee wale wakimwambia mgema, baada ya funda moja, kwamba mnazi huu si ule wa jana, huu uko karibu na kisima. Au kwamba kotama haijanolewa. Au kwamba leo mwanawe ndiye aliyepanda. Hakuna aliyebisha. Katika mafunzo yetu ya hoteli tulionyeshwa filamu ya Wafaransa wakibishana kama mvinyo umetoka juu ya mteremko au chini yake, na darasa zima likastaajabu. Mimi nilikuwa nikingoja mtu aulize nani alipanda.

Tofauti ni kwamba mnazi, yaani tembo lenyewe, haukai. Hauna ghala, hauna chupa ya mwaka 2010 ya kufunguliwa harusi ya mjukuu, na kwa hiyo hauna vitabu. Elimu yake yote imo vinywani mwa watu wanaokufa. Nadhani hilo, zaidi ya ubora wa kinywaji, ndilo linalofanya mmoja aitwe mwonjaji na mwingine aitwe mlevi. Ingawa haja ya kuwapongeza Wafaransa kupita kiasi haipo: mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Chablis, ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa imebakiwa na hekta kama 500 za mizabibu, leo imepita 5,000. Dunia iliposifu, mashamba yakatambaa hadi kwenye vilima ambavyo wazee wao hawakuvihesabu. Ipo Chablis nyingi sasa yenye jina tu na ukali, bila kile kitu kinachosimama nyuma ya tunda.

Najma yenyewe haina hata tone. Hapa pombe huuzwa katika hoteli zenye leseni na katika maduka ya kampuni moja tu, kwa wasio Waislamu wenye kibali, na tangu Januari 2019 ushuru wa asilimia 100 umeongeza bei juu ya bei. Sioni vibaya, nchi ina dini yake na mgeni hufuata ya mwenyeji. Ninachokiona ni hesabu. Mshahara wa chini kisheria, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, na chupa ya Grand Cru kwenye orodha yetu hupita hapo kwa urahisi. Kwa hiyo anayeijua chupa ile vizuri zaidi ukumbini, aliyeinusa ikiwa baridi, ikapata joto, ikabaki robo usiku wa manane, ni mtu asiyeweza kuinunua. Mnunuzi huikuta mara moja, akiwa anazungumza biashara. Tena mwonjaji bora tuliye naye hanywi kabisa. Ni kijana wa Lamu, Mwislamu, yuko jikoni, na kizibo kikishukiwa kuwa kimeoza hupelekewa kimya kimya mlango wa nyuma. Hukishika kwa leso, hunusa mara moja. "Katoni mbichi," husema, au, "Hakina neno," halafu hurudi kwenye vitunguu vyake. Hajakosea mbele yangu bado. Midomo yake haijawahi kugusa glasi, na ukimuuliza amejuaje, anashangaa kwamba kuna watu wazima wasiojua harufu ya katoni mbichi.

Kuna jambo jingine ninalolipenda kuhusu zabibu hii, na huwa silisemi mezani kwa sababu wageni wengine hulichukulia vibaya. Kwa karne nyingi Chardonnay ilihesabiwa kuwa ya ukoo safi, binti wa watawala wa Burgundy. Mwaka 1999 watafiti wa California na Ufaransa waliipima vinasaba wakakuta mzazi mmoja ni Pinot, ndiyo, wa daraja la juu. Lakini wa pili ni Gouais, mzabibu wa wakulima fukara, uliopandwa kwenye ardhi mbaya wasioitaka mabwana, na ambao watawala waliwahi hata kujaribu kuupiga marufuku. Miwili hiyo iliota jirani, chavua ikaruka, hakuna aliyeandika tarehe. Kila chupa ya Chablis inayoletwa na kitambaa mkononi ina damu ya shamba la wanyonge ndani yake, na pengine ule ukali ulionyooka, usiokumbatia mtu, umetoka upande huo wa familia.

Majuzi mgeni mmoja, mzee wa Kifaransa aliyekula peke yake, alinisogezea glasi yake ninuse akaniuliza naona nini. Orodha ya maneno ninayo kichwani, lakini sikuitumia. Nikamwambia: mawe ya matumbawe yaliyokatwa asubuhi, mvua ikayakuta kabla lori halijafika. Akanusa. Akaiweka glasi chini, akaichukua tena, akanusa upya huku amekunja uso. Akaniuliza kazi hii nimeisomea wapi.

"Kaloleni," nikamjibu.

Akafikiri kidogo, akauliza kama ni karibu na Beaune.

"Ni kusini yake, mzee," nikasema. "Kusini kidogo."

Akaagiza chupa ya pili.